Meza ya Jikoni: Vikombe Vitatu vya Gundi



Likizo ya Agosti ilinikuta Nakuru, kwa kaka yangu. Mtu wa pwani akifika huko mwezi huo huijua tofauti kabla hajashuka garini: baridi inayopenya buibui, mawingu yaliyouinamia mlima Menengai, na mvua inayoanza alasiri ikawafungia watoto ndani hadi magharibi. Kaka yangu ana watoto wawili, binti wa miaka 11 na mvulana wa miaka 6. Siku ya pili tu walinifuata jikoni wakiwa na ombi moja. "Shangazi, tutengenezee slaimu."

Sikuijua. Wakanionyesha katika simu ya mama yao: donge la rangi ya waridi linalong'aa, likivutwa hurefuka kama unga wa chapati uliozidi maji, likiachwa hutambaa lenyewe mezani. Wazee wetu wangeliita ute, na neno hilo lingetosha. Ni ute wa kuchezea. Mchezo wenyewe si mpya kama watoto wanavyodhani. Kampuni ya Mattel ya Marekani iliuza ute wa kijani ndani ya kijipipa cha plastiki mwaka 1976, uliotengenezwa kwa unga wa mbegu za kunde ziitwazo guari pamoja na chumvi ya boraksi.

Wifi yangu alikuwa amekwisha kukataa mara tatu. "Wifi, nimesikia ina sumu," akaninong'oneza, watoto wasisikie.

Hakukosea. Boraksi ni chumvi ya madini ya boroni. Huwekwa katika baadhi ya sabuni za kufulia, na ndugu yake, asidi ya boriki, huuzwa kama unga wa kuulia mende. Ikimezwa kwa wingi hudhuru, na wataalamu huihofia zaidi kwa athari zake katika uzazi. Mwaka 2016 idara ya afya ya Kanada iliwashauri wazazi wasitumie asidi ya boriki katika kazi za mikono za watoto nyumbani, slaimu ikiwa miongoni mwake. Umoja wa Ulaya nao umeweka kikomo: kitu cha kuchezea chenye kunata kisitoe boroni zaidi ya miligramu 300 kwa kila kilo. Mwaka 2018 shirika la kutetea wanunuzi la Which? huko Uingereza lilipima slaimu zilizouzwa kwa watoto, na nyingi zilikuwa zimevuka kikomo hicho.

Msimamo wangu ni huu, na mama mwingine anaweza kuwa na wake: unga wa boraksi wenyewe hauingii katika jikoni yenye mtoto wa miaka 6. Lakini kukataa tu nako kuna hasara yake. Binti huyu mwakani au mwaka wa pili yake atafundishwa asidi na besi ubaoni, na wengi wetu tunakumbuka jinsi somo hilo lilivyotukimbia kwa sababu hatukupata kuligusa. Hapa limekuja lenyewe mlangoni, likiombwa kwa kilio.

Njia ya katikati tuliipata kwa kaka yangu, ambaye huvaa lenzi za macho. Maji ya kusafishia lenzi, baadhi yake, yametiwa asidi ya boriki kidogo sana, kwa kuwa hutengenezwa kwa kitu kinachogusa jicho. Si yote; lazima usome kibandiko, utafute asidi ya boriki au borati ya sodiamu katika orodha ya viambato. Ukitumia yale ya chumvi tupu utakoroga hadi isha bila kupata kitu. Kwa kibandiko hicho hicho tulianza somo letu: binti akakisoma kwa sauti neno kwa neno, akashangaa kwamba chupa aliyoiona kila siku katika bafu la babake ilikuwa na majina yaliyomo katika vitabu.

Tukatandaza gazeti mezani. Tulikuwa na gundi nyeupe ya shule, ile yenye herufi PVA katika chupa, soda ya kuokea ambayo wifi yangu huitumia katika maandazi, na maji ya lenzi. Mvulana alitaka kumimina vyote mara moja. Nikamzuia, na hapo ndipo nitakapokaa kidogo, maana watu wengi hupakosea. Ukichanganya vyote kwa mpigo utapata ute, watoto watafurahi, na hawatajua kilichoufanya. Ni kama kupika pilau kwa mara ya kwanza kwa kutia kila kiungo cha kabatini. Hata likiwa tamu, kesho hujui ulifanya nini.

Tukachukua vikombe vitatu. Katika kila kimoja tukatia gundi vijiko vinne vya mezani. Kikombe cha kwanza tukakiongeza soda ya kuokea, robo ya kijiko cha chai, iliyokorogwa katika maji kidogo. Cha pili tukakiongeza maji ya lenzi, vijiko viwili vya chai. Cha tatu tukakiongeza vyote viwili, soda kwanza, kisha maji ya lenzi. Nikawaambia watabiri. Mvulana alisema vyote vitakuwa slaimu. Binti alisema cha pili, kwa sababu ndicho chenye asidi ya boriki, na sababu yake ilikuwa nzuri.

Kikombe cha kwanza kilibaki gundi, nyepesi kuliko mwanzo. Cha pili pia kikabaki gundi. Binti alikoroga kwa hasira hadi mkono ukachoka. Cha tatu, kijiko kilipozunguka mara kumi hivi, kikaanza kukusanyika. Kwanza nyuzi, kisha mabonge, kisha donge zima lililojitenga na kikombe likamfuata juu. Tuliongeza maji ya lenzi kwa matone hadi likaacha kunata vidoleni. Kelele iliyopigwa jikoni humo ilimtoa kaka yangu chumbani.

Binti hakupiga kelele. Alikuwa ameinama juu ya kikombe cha pili. "Kwa nini hiki hakikukubali?"

Nikatazama ukutani kutafuta mfano, nikauona. Wifi yangu ni wa Lamu, na ametundika kimkeka cha kwao. Nikamwambia: gundi, mwanangu, ni maji yenye nyuzi ndefu sana zisizoonekana. Wenye elimu huita uzi wa namna hiyo polima, yaani molekuli zilizoungana moja baada ya nyingine kwa maelfu. Sasa hivi nyuzi hizo zimelala ovyo kama miyaa iliyorundikwa sakafuni kabla haijasukwa. Ukivuta mmoja unakuja wenyewe, na ndiyo maana gundi humiminika. Ili ziwe kitu kimoja yatakiwa mshikaji apite katikati akamate huku na huku. Mshikaji huyo ni borati. Ana mikono minne. Miwili hushika uzi huu, miwili uzi ule.

"Na asidi ya boriki?"

Asidi ya boriki ni borati ambayo bado haijakunjua mikono yote. Katika maji ya kawaida, au yenye ukali wa ndimu, hubaki imejikunja. Ikikuta alkali, kama vile soda ya kuokea, huongeza mkono wa nne na kuwa borati. Kwa hiyo kikombe cha kwanza kilikuwa na alkali bila mshikaji, cha pili kilikuwa na mshikaji aliyejikunja, na cha tatu kilikuwa na vyote viwili.

Mfano wa mkeka una kasoro moja nami nikaitaja, kwa maana mtoto akipewa mfano bila mipaka yake huukariri kama ukweli. Ukili ukisukwa hubaki umesukwa. Mikono ya borati hushika na kuachia, hushika na kuachia, wakati wote. Ukilivuta donge polepole, mikono hupata wasaa wa kuachia hapa na kushika pale, na donge hurefuka. Ukilivuta kwa ghafla haipati wasaa, na donge hukatika kwa mlio kama jani la mgomba. Mvulana alilithibitisha jambo hili kwa muda wa saa nzima.

Wapo watakaosoma chupa ya gundi na kushtuka wakikuta neno alkoholi katika jina la kiambato. Si kileo. Wanakimia huliita alkoholi kundi kubwa la vitu vyenye umbo fulani la molekuli, vingi havinyweki wala havilevyi. Na neno lenyewe limetoka kwetu: ni al-kuhl, wanja wa macho, uliosagwa hadi ukawa laini kupita unga. Alkali nalo ni al-qali, jivu la mimea ya chumvi lililotumiwa kutengenezea sabuni na kioo. Boraksi ni bauraq. Abu Bakr ar-Razi, tabibu wa mji wa Rayy aliyefariki karibu na mwaka 925, alipogawa madini katika makundi sita, kundi moja lilikuwa la bauraki, na humo aliiweka natruni, ambayo ni jamaa wa karibu wa magadi. Nilimweleza binti haya wakati tunaosha vijiko. Alikuwa amedhani kimia ni somo la Kizungu.

Alasiri tulikata ndimu. Matone machache katika donge, kulikanda, na ute ukalegea ukarudi kuwa gundi mikononi mwao. Asidi ya ndimu ilikuwa imeila alkali, na borati ikakunja mikono yake. Tukatia soda chembe, mapovu yakatoka (ndiyo hewa ileile inayoumua maandazi), kisha donge likajishika tena, ingawa halikuwa zuri kama mwanzo. Wapishi wa bamia mtalitambua hili. Tunapotaka bamia isivutike tunaiwekea ndimu au ukwaju, na wenzetu wa magharibi mwa Kenya wanaotaka mrenda uvutike zaidi huutia magadi au maji ya majivu. Nyuzi za bamia si za gundi na njia zake za kushikana ni nyingine, lakini kwamba ukali hulegeza na alkali hukoleza, mama zetu walilijua kwa kijiko.

Kabla sijaendelea, mambo ya nyumbani. Mtoto asiyeacha kutia mikono mdomoni asipewe ute wa namna yoyote wenye boroni; mpe unga wa mahindi laini, ule mweupe wa wanga unaotumika katika kastadi, ukorogwe kwa maji baridi hadi uwe mzito. Ukiupiga ngumi hugeuka jiwe, ukiuacha humiminika, na ukilambwa hakuna neno. Mwenye kidonda au ukurutu mkononi angoje apone. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na vikombe vilivyotumika visirudi katika chai. Donge likae katika kopo lenye kifuniko, na baada ya wiki moja au mbili litupwe jaani, si katika bomba la maji. Likinasa katika zulia, siki hulilegeza. Na gundi iliyokauka kuchani au vidoleni ni utando unaozuia maji yasifike kwenye ngozi. Binti alikumbushwa na mamake aibanduke yote kabla ya udhu wa alasiri, akasugua kwa siki na mswaki wa zamani hadi ikatoka.

Sasa nifike nilipokusudia. Usiku ule, baada ya chakula, mvulana alitazama bilauri ambamo tulikuwa tumekoroga soda ya kikombe cha kwanza. Yalibaki maji kidogo, safi kama ya kunywa. "Soda imekwisha," akasema.

Dadake akamjibu bila kuinua uso. "Haijaisha. Huioni tu. Gundi ndiyo inayoiona."

Sikutarajia jibu hilo. Ili mdogo wake aamini, tukayeyusha chumvi kijiko kimoja katika maji hadi ikapotea, tukayamimina katika kikaango na kuyaweka motoni. Maji yakaondoka na mvuke, na chini kukabaki ukoko mweupe. Mvulana akaulamba. Chumvi.

Wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni. Kila asubuhi, tangu aolewe akahamia huko, huchemsha sufuria kubwa ya maji ya kunywa. Mtaa wao hupata maji ya kisima kirefu kilichochimbwa kwa mashine. Huyaacha yatokote, mara nyingine hadi yapungue, kwa kuwa alifundishwa kwamba yakitokota zaidi ndivyo yanavyozidi kuwa salama. Alikuwa akikitazama kile kikaango. Kisha akamtazama bintiye.

Sikuwa nimesema bado kuhusu meno ya binti huyu. Yana madoa ya kahawia, na mawili ya mbele yana vishimo. Akicheka huweka kiganja mdomoni. Alipokuja Mombasa Idi iliyopita, binamu zake walimwuliza kama kwao hakuna mswaki, na siku tatu zilizobakia hakucheka mbele yao. Yaliyosemwa yalisemwa nyumbani kwangu, na sikuwakemea ipasavyo kwa sababu hata mimi nilidhani hapigi mswaki vizuri.

Madoa hayo hayatokani na uchafu. Yanatokana na floridi. Bonde la Ufa ni nchi ya volkeno, na maji yanayopita chini katika miamba yake huyeyusha madini hayo na kuyabeba. Kidogo chake hulinda meno, ndiyo maana hutiwa katika dawa za meno. Kikizidi, mtoto ambaye meno yake ya ukubwani yangali yanajengwa ndani ya ufizi hujenga meno yenye kasoro, na yakishatoka hakuna mswaki utakaoyasafisha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa. Visima vingi vya Nakuru, Naivasha na Baringo huvuka hapo. Kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, hata mifupa huumia. Visima vyetu vya Mombasa vilivyoingiwa na bahari, ulimi huvitambua mara moja na mtu hutema. Floridi haina ladha katika maji hayo, wala rangi, wala harufu.

Kuchemsha huua vijidudu, na kwa hilo wifi yangu alifanya vyema na asiache. Lakini floridi si kijidudu. Ni kama ile chumvi ya kikaango: maji huondoka, yenyewe hubaki. Chemsha lita 2 hadi ibaki 1, na floridi yote ya lita 2 imo katika hiyo 1.

"Basi nilikuwa nawapikia," akasema. Alikaa kitini.

Nilimwambia kweli, kwamba kuchemsha hakukuleta floridi, na kwamba maji yale yangeyafanya meno vile hata yasingechemshwa. Sijui kama ilimtuliza. Mama aliyeamka alfajiri miaka kumi na zaidi ili watoto wake wanywe maji salama hatulizwi kwa sentensi mbili. Aliyemgusa ni bintiye. Alitoka alipokuwa, akaja akauliza kwa sauti ya mtu anayefanya hesabu: "Mama, huyu yeye meno yake yamekwisha kujengwa?"

Hayajakwisha. Meno ya mbele ya ukubwani ya mtoto wa miaka 6 yamekaribia kukamilika, lakini ya nyuma huendelea kujengwa hadi miaka 8 hivi. Kwa mvulana yule bado ulikuwako wasaa.

Usiku huo tuliongea hadi saa tano. Jambo la kwanza lilikuwa mvua, ambayo Agosti ile ilikuwa ikipotea bure mbele ya macho yetu. Maji ya mvua hayajapita katika miamba, floridi yake ni ndogo mno. Wana paa la mabati na tangi kuukuu nyuma ya nyumba. Kinachohitajika ni mifereji, kuacha mvua ya kwanza ioshe vumbi na kinyesi cha ndege, kisha kuyachemsha yaliyokingwa. Yakiwa machache, yawe ya kunywa na ya chai na uji wa mtoto. Ya kisima yafue na yadeki.

La pili ni vichujio vya mkaa wa mifupa. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianzisha miaka mingi iliyopita mradi wa kuchuja floridi kwa njia hii, na vichujio vya namna hiyo vimetumika majumbani na mashuleni katika eneo hilo. Utendaji wake ni somo lile lile la vikombe. Madini ya mfupa na ya jino ni ya jamii moja, na floridi hupenda kung'ang'ania hapo. Ndicho kinachoyaharibu meno, na ndicho kinachoufanya mfupa uliochomwa na kusagwa uinase floridi kabla maji hayajafika mdomoni. Mkaa huo huchoka ukijaa, sharti ubadilishwe. Wifi yangu aliuliza mara moja ni mifupa ya mnyama gani na amechinjwa vipi. Ni swali la haki, na mahali pake ni kwa shekhe wa msikiti wenu, si katika safu hii. Mwulizeni mkiwa mmejua kwanza mifupa imetoka wapi na imechomwa namna gani.

La tatu lilimshangaza kuliko yote. Nakuru ni juu, karibu mita 1,850 kutoka usawa wa bahari, na maji huko hutokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za pwani. Maharage hukawia kuiva. Kwa hiyo yeye, kama jirani zake, huyatia magadi, yale ya asili yanayouzwa kwa vipande sokoni. Uchunguzi uliofanywa Kenya na Tanzania umeonyesha kwamba magadi ya namna hiyo yanaweza kubeba floridi nyingi. Dawa ya maharage ni kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji, au kutumia sufuria ya presha. Aliyachukua magadi rafuni akayatia katika mfuko wa takataka.

Asubuhi nilipoamka nilimkuta binti mezani na chupa za maji zilizooshwa. Mamake alikuwa amesema atapeleka maji ya kisima katika maabara yapimwe, kabla ya kutumia fedha yoyote katika mifereji. Binti alikuwa amekataa chupa moja. Alitaka tatu: ya kisima yasiyochemshwa, ya kisima yaliyotokota nusu saa, na ya mvua ya usiku iliyokingwa kwa sinia baada ya vumbi kuoshwa. "Tukipeleka moja tutajua ni mangapi," alimwambia babake, "lakini hatutajua ni nini kinachoyafanya."

Kaka yangu alisema vipimo vitatu ni fedha mara tatu. Kisha akanyamaza kidogo, akatoa.

Aliandika vibandiko kwa kalamu ya wino, tarehe, saa na maji yalikotoka, akavizungushia utepe wa kunata ili visilowe. Mvulana alipewa kazi ya kushika kikapu. Niliondoka kurudi Mombasa kabla majibu hayajatoka. Wanangu nimewaeleza habari ya meno ya binamu yao, na wiki hii wamemwandikia.